Je, simu ya Athi River itauzika Busia?

Mizigo inayoshushwa bandarini kwetu Mombasa ikielekea Uganda kwa barabara hupitia Malaba au Busia. Kwa hiyo mpaka huo ni mahali pazuri pa kupimia swali hili: kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River, alichokifungua Rais William Ruto Oktoba 30, 2023, kitashika njia gani ili kidumu?

Njia ya kwanza ni bei. Simu zake za Neon zilianza kwa Sh7,499 na Sh8,999. Lakini Wachina wa Transsion, wenye Tecno, Itel na Infinix, wanauza bara zima, na walianza kuunganisha simu Ethiopia mwaka 2011. Kushindana nao kwa kupunguza bei ni kujimaliza.

Njia ya pili ni ubora. Kampuni ya Mara Phones ya Ashish Thakkar iliijaribu. Oktoba 2019 ilifungua viwanda Kigali na Durban, simu zikauzwa dola 130 na 190. Wahenga walisema kizuri chajiuza, hapa hakikujiuza. Kufikia 2022 mitambo ya Durban ilikuwa inapigwa mnada.

Njia ya tatu ni kujificha nyuma ya ushuru. Tangu Julai 2022 simu za kutoka nje ziliwekewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Hapa Busia inatufunza. Mpaka una kituo cha pamoja cha forodha, lakini una njia za panya pia, na simu hutosha mfukoni. Ushuru ukipanda, faida ya magendo nayo hupanda, na mwananchi anayenunua kihalali, awe Likoni au Busia, ndiye anayeumia.

Mimi naona njia ya nne ndiyo yenye uhai: mkopo, fundi na soko la ng'ambo. M-Kopa, ambayo pia huunganisha simu Nairobi, huuza kwa malipo ya kidogo kidogo Kenya na Uganda. Mtu wa bodaboda hana elfu nane kwa mkupuo, ila ana mapato ya kila siku. Vilevile anataka kujua kwamba kioo kikipasuka, fundi wa karibu ana vipuri. Na kiwanda kikithibitisha kuwa simu zake zimetimiza masharti ya asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zitavuka Busia bila ushuru wa forodha.

Kabla ya kupitisha ushuru mwingine wa simu, wabunge wetu wa Pwani waulize kwanza: simu ngapi za Athi River zimevuka mpaka huo?