Tumbo joto kabla ya mbio: je, ni uoga?

Baada ya kipindi cha michezo wiki iliyopita, mama mmoja alitutumia ujumbe. Binti yake wa kidato cha pili alitapika muda mfupi kabla ya mchujo wa mita 800 wa kutafuta timu ya wilaya ya UMISSETA. Mwalimu akamtoa, akamweka mwingine, akasema huyu ni mwoga. Mama anauliza: amwachishe michezo?

Mama, tuanzie Tokyo. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni kwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu alikuwa mbele kwa sekunde 0.03 tu. Hilo tulilishangilia sote. Lililosahaulika ni la mwanzoni: kuna mkimbiaji alichomoka kabla ya mlio, wote wakarudishwa kwenye mstari. Mbio za kilomita 42, mtu anawahi nini? (Petros labda ana jibu lake.) Usain Bolt naye, akiwa bingwa wa Olimpiki na mwenye rekodi ya dunia, alitolewa kwenye fainali ya mita 100 kule Daegu mwaka 2011 kwa kosa hilohilo. Hatudhani yupo mwalimu ambaye angemwita mwoga.

Ubongo ukihisi jambo kubwa linakuja, mwili humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo hudunda haraka ili kupeleka damu kwenye misuli, viganja hutoka jasho, na tumbo hupunguziwa damu. Ndiyo maana wapo wanaotapika, na wapo wanaokwenda chooni mara tatu ndani ya nusu saa. Mwili haujui kama unajiandaa kwa mita 800 au kumkimbia nyati. Unajiandaa tu.

Tatizo huanza pale mtoto anapoambiwa kuwa dalili hizo maana yake ameshashindwa. Mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ya watu waliopewa kazi za kutia hofu, zikiwemo kuhutubia na kufanya hesabu kwa haraka. Waliojiambia kwamba wana hamu ya kuanza walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Hawakuwa wanariadha, lakini moyo unaodunda ni uleule.

Halafu kuna mzigo tunaoubebesha sisi wengine. Simu za usiku kabla ya mashindano, "kijiji kizima kinakutegemea", "usituaibishe". Tuseme ukweli, hata sisi watangazaji tumo.

Kwa hiyo mama, usimwachishe. Siku ya mbio ale chakula chepesi, saa tatu hivi kabla ya kukimbia, apashe mwili polepole, na asikae peke yake akisubiri. Lakini kama anatapika hata siku zisizo na mbio, au anaumwa kifua, au anazimia, mpeleke kituo cha afya kwanza. Hilo ni jambo jingine.

Na kama majina ya timu ya wilaya bado hayajapelekwa, nenda kwa mwalimu kwa heshima, umwombe ampe binti mbio moja zaidi. Akikubali, tutumie ujumbe, tujue siku gani.