Samaki Mkunje, na Karatasi Je?

"Samaki mkunje angali mbichi" tumeiimba tangu chekechea. Lakini hebu niambieni, mara ya mwisho mlimwona lini mwalimu akikunja kitu mbele ya darasa?

Nilipomaliza sekondari nilijitolea kufundisha darasa la tatu huku Ujiji. Nikaandika andalio la somo: kukunja karatasi, sanaa ambayo Wajapani wanaiita origami. Mkubwa mmoja akalisoma, akacheka. "Kijana, hiyo michezo ya Wajapani. Karatasi zenyewe hatuna, na mtihani je?" Somo likafa palepale. Nilinyamaza kwa adabu.

Mzee wangu, shikamoo. Leo najibu.

Eti ya Wajapani! Nenda Mwanga umtazame muuza karanga. Anazungusha kipande cha gazeti, anapinda ncha, haidondoki hata punje moja, wala hakutia gundi. Froebel, yule Mjerumani aliyeanzisha chekechea mwaka 1837, aliwakunjisha watoto karatasi. Mbona naye hakuambiwa ni Mjapani?

Karatasi? Daftari lililokwisha ni nini? Leta pembe ya juu mpaka ukingo wa pili, bana, chana ukanda uliobaki: mraba huo. Mkasi wa nini? Watoto 90, kurasa 90, zilezile zinazoishia kufungiwa maandazi.

Mtihani? Kunja mraba mara moja, nusu. Mara ya pili, robo. Mara ya tatu, thumni. Hesabu ya sehemu iko mkononi, haimsubiri mtu ubaoni.

Lakini kinachoniuma zaidi ni jingine, na linatuhusu sisi tunaotaka kuandika. Andalio langu lilikuwa na hatua mbili tu. Kwanza, kila mtoto akunje boti ile anayoielea mtaroni mvua ikinyesha. Pili, wawili wapeane migongo: mmoja aeleze kwa mdomo, mwenzake akunje. Hapo "kunja hivi" haisaidii, bwana! Lazima aseme: kunja katikati, geuza, inua ukingo wa chini, fungua tumboni. Akitanguliza la nne kabla ya la pili, hakuna boti.

Hiyo ndiyo insha, jamani. Mimi nilikaririshwa utangulizi, kiini na hitimisho. Leo nina riwaya mbili chini ya kitanda, zote zimezama sura ya tatu. Maneno ninayo. Mpangilio sikufundishwa.

Liemba yetu iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaja katika masanduku kama 5,000, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Bila mpangilio ingekuwa chuma chakavu.

Walimu vijana, andikeni andalio hilo, msingoje ruhusa ya kucheka. Samaki akishakauka pale Kibirizi, ukimkunja anavunjika. Muulizeni mama yeyote wa dagaa.