Tiba Mpya za Uzee wa Ngozi na Swali la Nani Ashike Sindano

Ngozi ya binadamu huzeeka kwa njia mbili zinazokwenda pamoja lakini zisizofanana. Ya kwanza ni ya umri wenyewe, ambapo kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, hupungua mwaka hadi mwaka. Ya pili hutoka nje, hasa katika mionzi ya urujuanimno ya jua, ambayo huivunja kolajeni hiyohiyo na kuzivuruga seli zinazotengeneza rangi. Biashara ya urembo huwaeleza wateja wake kana kwamba njia hizo ni moja na zote hutibika kwa sindano, ilhali ya kwanza hakuna awezaye kuizuia, na ya pili huzuilika kwa kiasi kikubwa, tena kwa gharama ndogo.

Hata hivyo, tiba zenyewe si za kubezwa. Sumu ya botulinamu, itokanayo na bakteria na iwezayo kuua ikiliwa katika chakula kilichoharibika, ilianza kutumiwa na madaktari wa macho kutibu makengeza, hadi mwaka 1992, wanandoa wa Kanada, Jean Carruthers, daktari wa macho, na Alastair Carruthers, daktari wa ngozi, walipoonyesha kwamba kiasi kidogo mno cha sumu hiyo kikidungwa kati ya nyusi hukata mawasiliano ya neva na misuli, na mikunjo ikalainika kwa miezi mitatu hadi minne. Marekani iliidhinisha matumizi hayo ya urembo mwaka 2002, na mwaka 2022 ikaidhinisha aina nyingine inayodumu takriban miezi sita. Vijazio vya asidi ya hayaluroniki, kemikali ya asili inayoshika maji ndani ya ngozi, hurudisha unene wa shavu lililosinyaa, na daktari akikosea anaweza kuviyeyusha kwa kimeng'enya. Baada ya hapo ushahidi huanza kuwa haba: eksosomu, yaani vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli na ambavyo sasa hunadiwa kuwa dawa ya kurudisha ujana, hazijaidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani kwa tiba yoyote, ingawa bei yake haidokezi jambo hilo.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba elimu hii imejengwa juu ya ngozi nyeupe. Kipimo cha aina za ngozi kinachotumiwa na madaktari wengi duniani kilibuniwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975 kwa ajili ya watu weupe, na aina za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Ngozi nyeusi haizeeki kwa ratiba ya ngozi nyeupe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulikadiria kwamba tabaka lake la juu hutoa kinga ya 13.4 dhidi ya mionzi ya jua, ilhali la ngozi nyeupe hutoa 3.4, na ndiyo maana mikunjo myembamba huchelewa sana, huku dalili za mwanzo za uzee zikiwa madoa, rangi isiyolingana na mashavu yanayolegea. Leza nayo hufanya kazi kwa mwanga unaonyonywa na kile kinacholengwa, na melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi, hunyonya mwanga huo kwa pupa, hivyo uso uliopelekwa kulainishwa unaweza kurudi umeungua au umejaa madoa. Leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 ni salama zaidi, lakini inahitaji mtu anayejua kwa nini aichague. Bila ujuzi huo, mwanamke wa Dar es Salaam au Mombasa hulipia kuondolewa mikunjo asiyokuwa nayo, na huongezewa madoa aliyotaka yaondoke.

Kuuliza kama serikali za Afrika Mashariki zizikaribishe tiba hizi au zizipige marufuku ni kuliweka swali vibaya, na mkorogo, yaani mchanganyiko wa vipodozi vya kujichubua, umekwisha kuthibitisha hilo. Tanzania na Kenya zilikataza zamani vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Rwanda iliendesha msako wa madukani kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018, lakini bidhaa za kujichubua bado zinauzwa, kwa kuwa sheria ilikamata kopo ikamwacha anayechanganya. Sindano ni hatari zaidi ya kopo: kijazio kikiingia ndani ya mshipa wa damu huweza kuua sehemu ya ngozi au kupofusha jicho, na muda wa kuokoa ni mfupi. Hata Uingereza, yenye madaktari wengi kuliko sisi, ilichelewa. Ni mwaka 2021 tu ndipo England ilipozuia kuwadunga kwa ajili ya urembo walio chini ya miaka 18, na ni sheria ya mwaka 2022 iliyoipa serikali uwezo wa kuanzisha leseni za huduma hizo. Hakuna sababu ya eneo hili kupitia ucheleweshaji uleule. Chochote kinachodungwa ngozini kihesabiwe tiba, anayedunga awe mtaalamu wa afya aliyesajiliwa, na kimeng'enya cha kuyeyushia kijazio kiwe chumbani kabla mteja hajakaa kitini.

Ushahidi ulio imara kuliko wote, kwa bahati mbaya ya wauzaji, ni wa kitu kisichovutia. Huko Nambour, Australia, watu 903 walio chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliopangiwa kupaka kinga ya jua kila siku walizeeka ngozi kwa asilimia 24 pungufu kuliko waliojipaka kwa hiari yao. Utafiti huo nao ulihusu watu weupe zaidi; kwa ngozi nyeusi imebainika kwamba hata mwanga wa kawaida unaoonekana huzidisha madoa, na kinga inayouzuia ni ile yenye oksidi ya chuma, inayoyapa mafuta rangi ya kahawia.

Ujuzi wa kutengeneza kinga ya jua haupo ng'ambo pekee. Mjini Moshi, Tanzania, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa kinga ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao jua huleta saratani kabla ya kuleta mikunjo. Ikiwa fedha ya umma itatumika katika suala la ngozi na uzee, ianze kwa kupanua uzalishaji wa aina hiyo, na kliniki za sindano zijigharamie zenyewe chini ya leseni.