Madereva wa Malori Nao ni Walimu wa Kiswahili

Nina neno moja ninalotaka kulisema katika jarida la mwaka huu. Mkutanoni nililisema mbio mbio likazimwa na vicheko, kwa hivyo leo nalileta kwa kalamu, mahali ambapo hakuna wa kunikatiza.

Mnajua kwamba mwaka wa 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo chama chetu hualika mgeni wa heshima. Aghalabu mgeni huwa ni mhadhiri, au mtangazaji wa redio, au mtu aliyeandika kitabu. Sisemi ni vibaya, tumefaidika nao sana. Lakini hoja yangu ni kwamba mwaka ujao tumwalike dereva wa lori. Naam, dereva wa lori, wa zile trela za magurudumu 22 zinazopita hapa nje ya lango letu usiku na mchana zikielekea Malaba. Niliposema hivyo, mwenzangu mmoja aliuliza kama mgeni huyo atatufundisha matusi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka.

Kiswahili changu sikukipata kitabuni. Nilikipata kwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye sisi Wabukusu humwita khocha. Marehemu mjomba aliishia darasa la nane kwa ukosefu wa karo. Alianza kazi akiwa utingo, yaani tanboi, wa kufunga tarubali na kubadilisha magurudumu, mpaka akapata leseni akaketi penye usukani mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka ishirini maisha yake yalikuwa ni barabara ya Mombasa na Kampala, mara nyingine Kigali, na mara chache Juba. Kontena likichelewa bandarini, alikaa Changamwe siku tatu nne akila mahamri na mbaazi, akisikiliza wenyeji wanavyoongea. Alijifunza kwa masikio. Alikuwa akiniambia kwamba pwani mtu akikosea salamu haelezwi, hutazamwa tu, na mtazamo huo unatosha.

Alipopita kwetu hakuja mikono mitupu. Alileta gazeti la Taifa Leo la jana au juzi, limekunjwa likawa kama chapati, na kabla ya kunipa soda ilibidi nimsomee habari moja kwa sauti. Nikisema "gari yako", alijifanya hasikii. Nikisema "gari lako", aliitika. Mchezo huo ulianza nikiwa darasa la pili, na hadi leo nikisikia mtu akisema "gari yangu" masikio yananiwasha. (Walimu wetu wengine pia husema hivyo wakiwa nje ya darasa, lakini hayo tuyaache.)

Mama alipomwuliza atarudi lini, mjomba hakusema "baada ya siku nne". Alisema mtondogoo. Kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo: hizo ndizo zilizokuwa kalenda yake, kwa maana dereva haishi kwa Jumatatu na Jumanne, anahesabu siku tangu pale alipo. Mimi nilihesabu kwa vidole nikimngoja. Tulipofika kidato cha kwanza, mwalimu akaliuliza neno hilo darasani, mkono wangu peke yangu ndio ulioinuka. Si kwamba nina akili kuliko wenzangu. Ni kwa sababu neno lile kwangu lilikuwa na mtu ndani yake.

Tena hakunifundisha lugha tu. Alinichorea barabara vumbini kwa kijiti: Mombasa, Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali, Athi River, Nairobi, Naivasha, Gilgil, Nakuru, Eldoret, Webuye, Malaba. Zaidi ya kilomita 900. Kila jina alilipa habari yake, hapa kuna mlima, hapa kuna ukungu, hapa kuna mizani. Kuhusu mizani alinieleza jambo ambalo baadaye nililikuta katika fizikia. Lori halipimwi uzito wote tu, kila ekseli hupimwa kivyake. Mzigo ukikaa nyuma sana, ekseli za nyuma zitazidi kipimo na utashtakiwa, hata kama jumla ya uzito ni halali. Kwa hivyo mpakiaji lazima ajue uzito unavyogawanyika. Somo hilo tulifundishwa kwa Kiingereza darasani, na wengi walilalamika kuwa ni gumu. Mimi nilishalielewa kwa Kiswahili, nikiwa nimekaa juu ya gurudumu la akiba, nikila ndizi.

Vilevile alinieleza kwa nini lori likiteremka mlima haliachwi litiririke bila gia. Madereva wengine hufanya hivyo pale Salgaa ili waokoe dizeli. Injini haisaidii tena kulizuia gari, breki zinabaki peke yake, zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki. Alinisimulia pia habari za Sachang'wan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipoanguka, watu wakaja na mitungi kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mjomba alipita hapo baada ya siku chache. Kila alipoisimulia aliishusha sauti, kisha akanitaka niahidi kwamba lori la mafuta likianguka karibu nasi nitakimbia upande wa pili, hata nikiitwa mwoga. Niliahidi. Ni mafunzo ya kuokoa uhai hayo, na yalitolewa kwa Kiswahili kilichonyooka, hakuna tusi hata moja.

Mwaka wa 2022 nilipotahiriwa, yeye ndiye aliyenichinjia ng'ombe na kunivisha luliki shingoni, kama desturi inavyomtaka khocha. Siku hiyo alisema Kibukusu kitupu. Alijua kila lugha na mahali pake.

Sasa nawakumbusha jambo ambalo pengine wengi mmelisahau. Mwaka wa 2020, korona ilipoingia, madereva walizuiwa mpakani kungoja vipimo, foleni ya malori ikaanzia Malaba ikaja makumi ya kilomita upande wetu. Watu hapa kijijini walianza kuwaogopa. Dereva akishuka kununua maji, watoto walikimbia wakipiga kelele, "Korona! Korona!" Vibanda vingine vilikataa kuwauzia chakula. Lakini chumvi, sabuni, dawa na petroli tulizozitumia wakati huo zililetwa na nani? Mjomba alikataa kuingia nyumbani kwetu asije akatuletea maradhi. Alilala ndani ya lori barabarani, na asubuhi tukakuta sukari na gazeti vimewekwa juu ya ua. Mama alipomwita kwa mbali, aliinua mkono tu. Nilikuwa na miaka kumi, na nilisoma gazeti lile lote, hata matangazo ya vifo.

Kisukari ndicho kilichomwondoa, mwaka wa 2025. Madereva wengi wana ugonjwa huo, na si ajabu, mtu anakaa kitini mchana kutwa, anakula chipsi saa nne za usiku, analala saa tatu. Mola amlaze mahali pema peponi.

Kwenye mazishi ndipo hoja hii iliponijia. Malori yalijipanga kando ya barabara, mengine yana nambari za Uganda, mengine za Rwanda. Madereva walisimama mmoja mmoja kumzungumzia mwenzao. Mganda alizungumza, Mnyarwanda akazungumza, Msomali wa Garissa akazungumza, na mzee mmoja wa Kilifi. Nyanya yangu, ambaye hajui Kiingereza, alimwelewa kila mmoja wao. Huyu alikosea ngeli, yule alitamka "r" badala ya "l". Je, kuna aliyejali? Walitupa habari za mjomba ambazo sisi wa nyumbani hatukuzijua: kwamba alimnunulia mwenzake gurudumu Eldoret asidai pesa, kwamba aliwaandikia barua wasiojua kuandika.

Mwaka wa 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Magazeti yaliandika, wakubwa wakapongezana. Ni vizuri. Lakini kabla ya karatasi hizo kutiwa saini, nani alikuwa akikiongea Kiswahili Kampala, Kigali na Juba, kwenye gereji, kwenye forodha, kwenye hoteli za kando ya barabara? Wafanyabiashara, ndiyo, na wanajeshi, na madereva. Wataalamu wameiandikia lugha hii kamusi, nami nawaheshimu. Madereva wameibeba, kilomita kwa kilomita, na hakuna aliyewapigia makofi hata siku moja.

Mtaniambia kwamba si kila dereva ni kama mjomba wangu. Ni kweli, wapo wenye matusi, tena mengi. Wapo pia wahadhiri wanaosoma hotuba ya saa mbili bila kutuinulia macho, na hao tumewaalika na chai tumewapa. Wengine mtasema kwamba mzazi wa mwanafunzi atashangaa kuona dereva amekaa kiti cha mgeni wa heshima. Hebu hesabuni, wangapi kati yetu katika shule hii ya kutwa karo yao inatoka kwa dereva, utingo, fundi wa gereji au mama anayewauzia chakula pale wanapoegesha? Ni nani basi atakayeshangaa?

Sisi wa kidato cha tatu ndio kundi la mwisho la 8-4-4. Tarehe 7 Julai ya mwaka wa 2027 itakuwa yetu ya mwisho hapa, na baada yetu chama kitakuwa cha hawa wa gredi za sekondari ya juu, watakiendesha wanavyotaka. Nimeshazungumza na mzee wa Kilifi niliyemtaja. Yuko tayari kuja, ila anahitaji kujua mapema ili apange safari yake isiangukie siku hiyo. Atatueleza maneno ya barabarani, na jinsi salamu zinavyobadilika kutoka Mombasa hadi Kigali. Barua ya mwaliko nimeiandika, iko kwa katibu. Imebaki saini ya mlezi wa chama na kura zenu.