Usiuze mche wa Hass kama humjui mama yake

Vijana wenzangu wa Mbulu na Hanang,

Siku hizi biashara ya kibanda cha miche inawavutia wengi. Ukiwa na viriba, samadi iliyooza, udongo mzuri, kivuli na maji ya uhakika, unaanza. Naiunga mkono. Ila nina msimamo mmoja ambao wengine hawaupendi: kama huwezi kumwambia mteja kikonyo kimetoka mti gani, usimuuzie parachichi hilo kwa jina la Hass.

Chimbuko la Hass zote duniani ni mti mmoja wa Rudolph Hass, mtu wa posta huko California, Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1935. Mti ule ulikufa mwaka 2002, lakini vikonyo vyake vinaendelea kubebeshwa mti hadi mti mpaka leo. Ukipanda kokwa la Hass, hupati Hass, unapata mti mwingine.

Utasikia muuzaji anasema, "Angalia kovu hapo chini, huu umebebeshwa." Sawa, kovu linaonyesha mche umebebeshwa. Halionyeshi umebebeshwa nini! Mteja ataujua ukweli mti ukizaa, yaani baada ya miaka kama 3 hivi.

Tupige hesabu. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inaingia miche kama 80. Tuseme unauza sh. 3,000 kwa mche, umepata sh. 240,000. Mwenzako amechimba mashimo 80, ameweka samadi, amemwagilia kiangazi mara tatu. Mnunuzi wa Hass anafika, anaona matunda siyo, anaondoka. Hata ukimpa miche mingine bure, miaka yake humrudishii.

Na wewe je? Muuzaji wa kupita anashusha miche siku ya mnada, jioni hayupo. Wewe uko hapahapa Katesh au Dongobesh, mteja anajua pa kukupata. Ukimdanganya, hiyo ni hatari kwako. Ukimwuzia kitu sahihi, ndo faida yako, maana atawaleta majirani zake.

Kwa hiyo weka daftari. Andika tarehe ya kubebesha, mti mama uko shamba la nani, viriba vingapi, na nani amenunua. Mti mama nenda ukauone mwenyewe ukiwa na matunda. Kama unanunua miche kwa jumla, dai risiti inayotaja aina na chanzo. Na kabla hujaanza, pita kwa afisa kilimo wa kata yako akueleze taratibu za TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu.

Wapo watakaosema, "Afisa, wateja wanataka bei rahisi." Ni kweli. Basi wauzie mche wa kienyeji, uite wa kienyeji, kwa bei yake. Unatoa kivuli, unatoa matunda ya kula nyumbani na ya kupeleka sokoni. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuupa jina lisilo lake.

Msimu huu, afadhali uuze miche 50 unayoijua kuliko 500 ya kubahatisha.

Kazi njema.