Kompyuta Darasani: Tuanze na Neno, Picha Ifuate

Katika makala haya tunakusudia kutoa maoni yetu juu ya jambo ambalo wanachuo wengi hukutana nalo wanapokwenda mazoezi ya kufundisha bila ya kuwa wameandaliwa vya kutosha. Jambo lenyewe ni kumfundisha mtoto wa shule ya msingi matumizi ya kompyuta. Maoni yetu ni kwamba somo hili lianze na amri inayoandikwa, na picha zifuate baadaye. Na kwamba chombo kifaacho kwa kazi hiyo ni terminali, ile programu huria ya kuandikia amri ambayo wengi wetu tunaiogopa kwa sababu ni dirisha tupu lisilo na mapambo.

Tuanze na lililotufikisha hapa. Tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu mmoja akifundisha darasa la tano katika shule moja ya hapa Ubungo. Kompyuta nzima zilikuwa mbili, na watoto walizidi hamsini. Mwanachuo alikuwa na andalio la somo lililokamilika, na ubaoni alikuwa amechora kioo cha kompyuta na picha zake zote. Akawafundisha watoto kwamba akitaka kuandika barua, mtu hubonyeza picha ya tatu kutoka kushoto. Watoto wakaitikia kwa pamoja, "Ya tatu kutoka kushoto!" Tukampa alama nzuri.

Juma lililofuata tulirudi. Katikati ya juma mtu mwingine alikuwa amezitumia kompyuta zile na kuzipanga picha upya. Watoto wakabonyeza ya tatu kutoka kushoto, ikafunguka programu ya kupigia muziki. Wakatazamana. Hapana hata mmoja aliyeweza kusema alikuwa akitafuta nini, maana kitu chenyewe hakikuwa na jina vichwani mwao. Kilikuwa na mahali tu. Twakiri kwamba kosa halikuwa la mwanachuo yule. Alifundisha kama tulivyomfundisha sisi wenyewe hapa chuoni.

Terminali ni kitu gani?

Zamani kompyuta haikuwa na kioo cha picha. Mtumiaji alikaa mbele ya mashine mfano wa taipureta, akaandika amri, na kompyuta ikamjibu kwa kuchapa maneno kwenye karatasi. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani, ulikulia kwenye mashine za namna hiyo. Mashine iliyotumika sana, Teletype 33, ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde, na vibonye vyake vilikuwa vizito. Ndiyo sababu majina ya amri yalifupishwa mno: "ls" kwa kuorodhesha, "cp" kwa kunakili, "rm" kwa kufuta.

Programu ya terminali tuliyo nayo leo inaiga mashine ile ndani ya dirisha. Nyuma ya dirisha hilo yupo msomaji wa amri, ambaye katika mifumo ya Linux mara nyingi ni programu iitwayo Bash, iliyotolewa mwaka 1989. Vyote hivi ni programu huria: kila mtu ana ruhusa ya kuvitumia, kuchunguza vilivyoundwa, kuvibadili na kuwagawia wenzake. Fikra hiyo ilitangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, na mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, aliitolea Linux. Hata kampuni ya Microsoft, iliyojulikana kwa kuficha kazi zake, mwaka 2019 iliiweka wazi Windows Terminal kwa kila atakaye kuisoma.

Kwa shule zetu jambo hili lina faida iliyo dhahiri. Terminali haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Kompyuta kuukuu iliyotolewa na ofisi fulani, ambayo hujikongoja ikifungua programu za picha, hufanya kazi vizuri kabisa ikiachiwa dirisha la amri peke yake.

Amri ni sarufi

Mtoto wa Kitanzania hahitaji kufundishwa amri ni nini. Tangu anajua kutembea ametumwa dukani, ametumwa maji, ametumwa kwa jirani. Anajua kwamba aliyetumwa "kalete" bila kuambiwa alete nini atarudi mikono mitupu. Ndivyo ilivyo terminali. Kila amri ina kitenzi, pengine ina namna ya kutenda, na ina kinachotendwa. Amri ya kunakili hudai vitu viwili: kinachonakiliwa, na jina la nakala. Ukisahau kimoja, mashine hugoma. Mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kueleza shamirisho kwa darasa la tano ataona mara moja kwamba hapa amepata kifaa cha kufundishia.

Kadhalika, terminali haimwonei haya mtu yeyote katika tahajia. Katika Linux, "Barua" na "barua" ni majina mawili mbalimbali. Nafasi kati ya maneno nayo ina maana yake: ukiandika "barua ya mama", mashine huona vitu vitatu, si kimoja. Walimu tumechoka kusahihisha watoto wanaoandika "ana kwenda" mahali pa "anakwenda", nao hudhani kwamba nafasi ni ukali wa mwalimu tu. Mbele ya terminali mtoto huona mwenyewe kwamba nafasi imebadili maana. Wala mashine haimchapi, haimcheki. Humwambia kwamba haikuelewa, naye huandika tena.

Kiswahili ndani ya dirisha

Hapa tunafika kwenye kiini cha hoja yetu. Mwaka 2004, jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux ulioendeshwa kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice.org iliyotiwa Kiswahili. Waliweza kuifanya kazi hiyo kwa sababu programu ilikuwa huria. Hawakulazimika kumsubiri mwenye mali aone kama Waswahili wana faida kwake. Kazi ile ilihitaji wataalamu wa kompyuta, wataalamu wa lugha, na muda.

Lakini terminali inampa mwalimu wa kawaida uwezo wa kufanya sehemu ya kazi kama hiyo kwa asubuhi moja. Msomaji wa amri hukubali kupewa majina mapya kwa neno "alias". Mwalimu akiandika mistari hii mwishoni mwa faili liitwalo ".bashrc", na kufungua dirisha jipya, kompyuta ya shule yake itaelewa Kiswahili:

alias nikowapi='pwd'
alias orodhesha='ls'
alias nenda='cd'
alias tengeneza='mkdir'
alias andika='nano'
alias soma='cat'
alias nakili='cp -i'
alias futa='rm -i'
alias panga='sort'
alias hesabu='wc -w'

Maneno kumi tu. Mtoto akiandika "tengeneza darasa5", folda imetengenezwa. Akiandika "nenda darasa5", amekwenda. Akiandika "andika insha.txt", hupata ukurasa wa kuandikia. Akimaliza, "hesabu insha.txt" humwambia ameandika maneno mangapi. Mwalimu naye akiwa na orodha ya majina ya watoto, "panga majina.txt" humwonyesha orodha hiyo kwa mfuatano wa alfabeti, bila kuliharibu faili la kwanza. Tulilijaribu somo hili katika darasa lile lile la tano. Mtoto mmoja msichana aliandika "orodhesha", akaona majina ya folda yanajipanga mbele yake, akamgeukia mwenzake na kusema, "Imenisikia." Neno hilo linatutosha kuwa ushahidi kwamba uhusiano wa mtoto na mashine ulikuwa umebadilika.

Namna ya kulifundisha somo

Tunapendekeza hatua tatu, ambazo mwanachuo anaweza kuzirekebisha kulingana na hali ya shule yake.

Kwanza, somo lianze bila kompyuta. Safu za madawati ziwe folda, kila safu na jina lake. Madaftari yawe mafaili. Mtoto mmoja awe mashine, na sharti lake ni kutenda lile tu lililoandikwa ubaoni, herufi kwa herufi. Wenzake waandike amri: "nenda safu2", "orodhesha", "nakili daftari1 daftari2". Mashine ikikosewa isimame na kusema, "Sijaelewa." Watoto hucheka sana, na katika kicheko hicho hujifunza usahihi. Umeme ukikatika, somo halikatiki.

Pili, watoto wakae kwenye kompyuta wakiwa vikundi, na kila kikundi kiwe na mwandishi, msomaji na mkaguzi. Msomaji hutamka amri, mwandishi huiandika, mkaguzi huiangalia kabla ya kibonye cha kuingiza kubonyezwa. Kwa njia hii kompyuta mbili zinaweza kuhudumia darasa kubwa, maana wanaofikiri ni wengi kuliko anayebonyeza.

Tatu, watoto wakishazoea, mwalimu afungue siri. Aandike "alias" peke yake, na kompyuta itaonyesha orodha yote: neno la Kiswahili upande mmoja, amri ya asili upande wa pili. Hapo ndipo watoto wajifunze "ls" na "cp", wakiwa tayari wanajua maana yake. Kisha kila kikundi kipewe kazi ya kubuni jina moja jipya. Tuliwaona watoto wakibishana kama kufuta kuitwe "futa" au "tupa", na ubishi ule ulikuwa somo zuri la Kiswahili.

Tahadhari

Haitakuwa haki tusifu bila kuonya. Terminali hutii, na aliye mtiifu kupita kiasi ni wa kuogopwa. Mwanachuo wetu mwingine, akitaka kuondoa nakala za zamani, aliandika "rm" na kufuatisha alama ya nyota, ambayo maana yake ni "vyote". Insha za darasa zima zilitoweka kabla hajainua kidole, wala hazikwenda kwenye pipa la taka ambamo angeweza kuziokota. Alituandikia kwa masikitiko, nasi tulijua kwamba tulimfundisha amri bila kumfundisha hofu. Ndiyo maana katika orodha yetu neno "futa" limefungwa na "-i", ili mashine iulize kabla ya kutenda. Hata hivyo swali hilo huja kwa Kiingereza, na mtoto afundishwe mapema kwamba herufi "y" ndiyo kukubali, na "n" ni kukataa. Aidha, mwalimu awe na nakala ya kazi za watoto mahali pengine daima.

Hoja za wanaopinga

Wako wenzetu wasemao kwamba tunawarudisha watoto nyuma, kwa kuwa simu za mikononi zimejaa picha na hata mtoto mdogo huzitumia. Ni kweli huzitumia. Lakini mtu anayeweza kuchagua tu kati ya picha alizopangiwa na mwingine hawezi kuomba kile ambacho hakikupangwa. Wengine wasema kwamba amri za Kiswahili zitamwacha mtoto gizani akikutana na kompyuta nyingine. Tungekubaliana nao kama tungeishia hatua ya pili. Hatua ya tatu ndiyo daraja, na mtoto huvuka akiwa na maana mkononi badala ya sauti tupu.

Wapo pia wanaosema kwamba walimu wenyewe hawajui. Hoja hii ni nzito. Nchi yetu inayo kumbukumbu yake: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mashine hizo kuleta gharama bila ya manufaa yaliyotazamiwa. Marufuku hiyo iliondoka, lakini funzo lake halijaondoka. Mashine isiyoeleweka na wanaoitumia ni mzigo, iwe ofisini au katika chumba cha darasa kilichofungwa kufuli ili kompyuta za msaada zisiibwe. Tofauti ni kwamba leo maneno ya kuanzia ni kumi, na mwanachuo anaweza kuyajifunza kabla ya kuondoka chuoni.

Basi, ndugu wanachuo, msingoje kozi maalumu. Katika Ubuntu, bonyezeni kwa pamoja vibonye vya Ctrl, Alt na T, na dirisha litafunguka. Andikeni mistari ile kumi, muijaribu, mkosee, mrudie. Elimu ya Kujitegemea, tuliyoanza kuizungumza mwaka 1967, ilitaka mtoto awe na akili ya kuuliza na uwezo wa kujitendea. Watoto wale wa darasa la tano watakuwa watu wazima katika dunia iliyojaa mashine, na wengi wao watazitumikia mashine hizo kwa kubonyeza walichoonyeshwa. Sisi walimu tuna nafasi, kwa miaka michache tu wakiwa mikononi mwetu, ya kuwaonyesha kwamba mashine pia huambiwa la kufanya, na kwamba inaweza kuambiwa kwa lugha ya nyumbani kwao.