"Punguza Mawazo": Nasaha Isiyotibu Moyo Wala Kulipa Deni

Imekuwa ada katika misikiti yetu, kuanzia Singida mjini hadi Iramba na Manyoni, kwamba Muislamu akishikwa na presha hupewa nasaha moja tu: apunguze mawazo na amtegemee Allah (S.W.). Mwenye kuitoa huondoka akidhani ametimiza haki ya nduguye. Sisi tunasema nasaha hiyo imekuwa kichaka cha kufichia uzembe wa aina mbili.

Uzembe wa kwanza ni wa mgonjwa. Akishaamini kwamba presha ni mawazo tu, siku anayojisikia mtulivu huacha vidonge. Ilhali shinikizo la damu aghalabu halina dalili. Mtu huishi nalo miaka mingi, akiswali na kulima, hadi siku apigwapo na kiharusi au moyo unapochoka. Utafiti uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na Shari, wilayani Hai, na kutangazwa mwaka 2000, ulikuta kwamba kati ya kila wagonjwa watano wa shinikizo la damu, ni takriban mmoja tu aliyejua kuwa analo. Ambao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika hata mmoja katika mia!

Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Wangapi humwagia chumvi mchuzi kabla hata ya kuuonja? Tunajivunia alizeti yetu, na ni kweli mafuta yake ni bora kuliko yale yanayoganda, lakini ubora huo si ruhusa ya kuyafanya kisima. Ama sigara, wapo wanaoivuta nyuma ya msikiti huohuo waliosujudu. Na wapo wanaojiita matabibu wa ruqya, wanaomwamuru mgonjwa atupe dawa za hospitali. Hatuikatai ruqya ya kisheria. Tunaukataa ujinga unaovishwa kanzu. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Allah.

Uzembe wa pili ni mzito zaidi, nao ni wa viongozi wa misikiti na matajiri wa safu ya mbele. Hao humwambia mtu apunguze mawazo bila kumuuliza mawazo hayo yametoka wapi.

Si kwamba mawazo hayana athari. Mtu aishipo katika hofu, mwili humwaga homoni zinazokimbiza mapigo ya moyo na kubana mishipa ya damu. Usingizi hupotea, sigara huongezeka, dawa husahauliwa. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliohusisha nchi 52, zikiwemo za Afrika, ulikuta dhiki za kazini, za nyumbani na za fedha zimeenea zaidi kwa waliopatwa na mshtuko wa moyo kuliko kwa wenzao wazima.

Sasa tazama dhiki za fedha za watu wetu. Mkulima hukopa kabla ya mvua, kisha bei ya alizeti huanguka wakati wa mavuno. Mama muuza vitunguu huchukua mkopo ambao wananchi wenyewe wameuita "kausha damu", akaulipa kila siku pamoja na riba, na akichelewa, vyombo vyake hubebwa mchana kweupe. Huyu ndiye anayeambiwa apunguze mawazo!

Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah na huzuni na uzito wa deni katika dua moja. Suratul Baqara, aya ya 280, inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Suratut Tawba, aya ya 60, inawataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Fungu hilo liko wapi katika hesabu za misikiti yetu? Tunaona michango ya vipaza sauti, mazulia na marumaru ikitangazwa kila Ijumaa. Tunazitaka kamati za misikiti zitangaze pia, kabla ya msimu ujao wa kilimo, ni wadaiwa wangapi waliokombolewa kwa zaka na wangapi waliokopeshwa bila riba.